Kipande Changu cha Mfereji

Bwana Amílcar hakuwahi kutamka neno "utamaduni" bila kunyoosha tai yake. Asubuhi ile aliinyoosha mlangoni pa ofisi yetu ya utalii, Kusko, wageni wakiwa wameshapanda gari.

"Asubuhi magofu ya Unupata," alisema. "Mchana utamaduni, mgahawani. Wachezaji wameshavaa na simbilisi wako motoni. Usinicheleweshee watu, Zenobia."

"Leo Unupata wanasafisha mfereji, bwana. Nilikuomba ruhusa mwezi uliopita."

"Na mimi nikakujibu."

"Hukunijibu. Ulicheka."

"Basi jibu ndilo hilo."

Nikapanda gari. Nilikuwa nimevaa fulana ya kampuni, ile yenye jua la dhahabu kifuani. Ndani ya mkoba, chini ya chupa za maji za wageni, nilikuwa nimeficha sketi na blauzi za zamani za mama na katambuga zangu za shambani. Dereva aliziona akauliza ni za nini. Nikamwambia za kuendea mgahawani. Akanitazama kwenye kioo, na nikajua kabisa kuwa huyu atapiga simu.

Niseme mapema kilichokuwa kinanikaba. Mama aliniachia shamba la mahindi chini ya kijiji cha Unupata, na shamba hilo lina zamu yake ya maji. Zamu hainunuliwi kwetu. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu wetu ikishapita, maji yanafungwa kule juu na kila nyumba inasafisha kipande chake cha mfereji, kilekile walichosafisha mababu zao. Maji yakirudishwa na kupita kwenye kipande chako bila kukwama, unamwagilia mwaka mzima. Ukikosa kwenda mwaka mmoja wanakununia, ukikosa wa pili wanakusema mbele ya watu, na ukikosa wa tatu zamu yako inahamia kwa ndugu anayelima chini yako. Mwaka juzi sikwenda kwa sababu mama alikuwa anakata roho hospitalini. Mwaka jana sikwenda kwa sababu Bwana Amílcar alikuwa na wageni. Na anayelima chini yangu ni shemeji yangu Gumersindo, mume wa dada yangu Delfina. Huyo tangu matanga ya mama hapiti karibu na shamba langu bila kulipima kwa macho.

Shamba lisilo na maji kwetu ni uwanja wa mpira tu. Mama alilimwagia jasho maisha yake yote, na mimi nilikuwa tayari kuuma mtu.

Wageni walikuwa wanne. Mama Odile, bibi wa Kifaransa mwenye mvi fupi na Kihispania kizuri. Thiago, kijana wa Kibrazili aliyeangalia dunia kupitia kamera. Na ndugu wawili wa Kanada, warefu, wapole, wenye njaa isiyoisha. Kabla hatujafika kwenye lango la magofu hao wawili walikuwa wameshamaliza mahindi yangu ya kuchemsha na jibini niliyojifungia kwa chakula cha mchana. Niliwapa kipande kimoja waonje. Kilichofuata nilikuwa natazama tu.

Ngazi za Unupata ni kali. Katikati ya mlima hewa ilimkataa Mama Odile, midomo ikambadilika rangi. Nilimkalisha kwenye jiwe, nikampa majani ya koka atafune, nikamwambia tutamrudisha kwenye gari.

"Kwenye gari?" alisema akihema. "Mwanangu, sikuja mpaka huku kukaa kwenye gari. Magari ninayo nyumbani."

"Huwezi kutembea, mama."

"Basi nibebe."

Alisema kwa utani. Mimi nilivua mtandio wangu, nikamzungushia mapajani na kiunoni, nikamfunga mgongoni kama tunavyobeba viazi kutoka shambani, nikapanda naye, mkoba wa kamera wa Thiago ukining'inia kifuani. Alicheka njia nzima, akaniomba msamaha njia nzima, na tulipofika juu fulana yangu ilikuwa imelowa jasho mpaka kiunoni.

Juu kuna vile visima vya mawe vinavyoonekana kwenye kila tangazo la kampuni, maji yakishuka kutoka jiwe hadi jiwe. Siku hiyo vilikuwa vikavu. Thiago alishusha kamera.

"Maji yako wapi, Zenobia?"

"Yamefungwa. Wenyewe wanasafisha mfereji."

"Wenyewe nani? Si Wainka waliojenga hapa walishakwisha?"

Hapo damu ikanichemka. Hakuwa na ubaya, maskini, alisoma hivyo kwenye vitabu, na mimi mwenyewe nimelipwa kwa miaka kuyaeleza mawe haya kama vile walioyapanga walihama bila kuacha hata mtoto.

"Nani kakwambia wamekwisha?" nikamuuliza. "Shangazi zangu wako pale juu na masepetu. Wakikusikia watakulaza matopeni."

"Tunaweza kuwaona?"

"Mnaweza kwenda mgahawani. Kuna ngoma, kuna nyama, na Inka mwenye taji la manyoya. Mchana anacheza Inka, jioni anatengeneza simu mjini. Au mnaweza kuja na mimi."

"Na kwako kuna nini?" aliuliza Mama Odile.

"Matope."

"Twende kwenye matope," alisema bibi yule, na wale Wakanada wakauliza kama huko kuna chakula.

Nikaenda nyuma ya ukuta waliojenga mababu zangu, nikavua fulana ya kampuni, nikaikunja vizuri na kuitia mkobani. Nikavaa blauzi na sketi ya mama, na katambuga. Nilipotoka, nilihisi miguu yangu imerudi kwa mwenyewe.

Mfereji uko hatua chache tu juu ya magofu, unakata ubavu wa mlima. Tulisikia kelele kabla hatujaona watu: masepetu, vicheko, mtu anapiga filimbi, mwingine anamtukana punda. Kijiji kizima kilikuwa ndani ya mtaro, kila nyumba kwenye kipande chake. Aliyetuona kwanza ni Mama Eufrasia, jirani yangu, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala.

"Jamani, mwalimu wa mawe amefika!" alipiga kelele. "Na watoto wake wa shule! Hebu tazameni, mmoja ana mvi na bado hajahitimu!"

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mpotevu. Harakisha, kuna mtu amekutangulia."

Nikatazama. Kwenye kipande cha mama, pale kwenye kona ambapo mchanga hujikusanya kuliko mahali pengine popote, alisimama Gumersindo, suruali imekunjwa, sepetu mkononi. Alikuwa ameshaanza kuchimba.

"Nakusaidia tu kuanza, shemeji," alisema kwa sauti tamu. "Tulijua una kazi nyingi mjini."

"Toka kwenye kipande cha mama."

"Sasa hasira za nini?"

"Gumersindo, toka. Ukichimba hapo hata sepetu moja zaidi nitakuzika humohumo."

Watu wakacheka. Yeye alitoka taratibu, akapanda ukingoni, akakaa. Delfina alikuwa kwenye kipande chao, mtoto mgongoni, macho chini. Sikumlaumu. Anaishi na mtu yule, mimi nakutana naye mara chache.

Tayta Fortunato akaja. Ni mdogo kwangu kiumri, nilimbeba akiwa mtoto, lakini mwaka huo fimbo yenye pete za fedha ilikuwa yake, na mwenye fimbo anaitwa Tayta, yaani baba, hata na bibi yake. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza na aliogopa kukosea kuliko anavyoogopa radi. Alitazama kivuli cha mwamba mkubwa. Kikifika kwenye mdomo wa mtaro, maji yanafunguliwa, kwa aliye tayari na asiye tayari.

"Dada Zenobia, umechelewa," alisema. "Kipande chako ni kirefu. Wewe na marehemu mlikuwa mnakifanya wawili."

Kabla sijajibu, Mama Odile alikuwa ameshauliza tunasemezana nini, nikamtafsiria, na yeye akaokota sepetu. Thiago naye. Wale ndugu wawili wakaanza kukunja mikono.

"Hapana, hapana," Gumersindo aliruka. "Tayta, hiyo ni ayni gani?"

Fortunato akajikuna shingo. Kwetu mtu anaweza kukuchimbia kipande chako, hakuna shida, lakini kazi hiyo ni ayni. Leo kanichimbia yeye, kesho nitamchimbia mimi. Kazi isiyoweza kurudishwa haihesabiwi, maana isingekuwa hivyo tajiri angeleta vibarua na maji yote yangekuwa yake.

"Hawa kesho wako kwenye ndege," Gumersindo aliendelea. "Utawarudishia wapi? Utaenda Ufaransa na sepetu?"

"Kweli," alisema Fortunato kwa huzuni. "Nasikitika, dada. Haihesabiwi."

Nikamtafsiria Mama Odile. Akakunja uso.

"Mwambie amekosea. Mimi simkopeshi huyu. Mimi ndiye ninayedaiwa. Si amenibeba mlima mzima mgongoni?"

Nilipolisema hilo kwa Kikechua, lugha yetu, mtaro mzima ukanguruma. Mama Eufrasia akapiga makofi. Lakini shemeji yangu ni mjanja, hilo sikatai.

"Amembeba kwa sababu ofisi inamlipa kuwabeba!" alisema. "Kazi ya mshahara imekwishalipwa. Hapo hakuna deni. Au kuna mtu anabisha?"

Ndivyo ilivyo kwetu, na ningekuwa na fimbo mimi ningekata vilevile. Fortunato akatikisa kichwa, akarudi zake juu.

Basi nikaingia mtaroni peke yangu. Nikachimba. Mchanga ulikuwa mzito, umeshikamana na mizizi, na kila nilipotupa nje nusu ilirudi ndani. Nilikasirikia mchanga, nilimkasirikia Gumersindo anayetafuna koka ukingoni, nilimkasirikia mama kwa kufa akaniacha na kona ile. Mama Odile alikaa kwenye jiwe, ameshika sepetu lake kifuani. Kivuli cha mwamba kilikuwa kinatembea. Mimi nilikuwa sijafika hata katikati.

Ndipo Bwana Amílcar alipotokea, amevaa viatu vya ofisini, uso mwekundu. Dereva alikuwa amepiga simu kama nilivyojua. Ukingo wa mfereji ulikuwa na matope yaliyotupwa, kwa hiyo alishuka akasimama ndani ya mtaro wenyewe, chini kidogo yangu, kwenye sehemu iliyokwishasafishwa, panapokanyagika vizuri.

"Hii ni nini?" alifoka kwa Kihispania, lugha ambayo kila mtu pale anaielewa, hasa ikitukana. "Meza zimeandaliwa! Wachezaji wananisubiri! Wageni wangu wamekaa kwenye mawe kama mbuzi!"

"Hawajambo, bwana. Waulize."

"Shuka sasa hivi."

"Nikimaliza."

"Zenobia, sikiliza vizuri. Ama unashuka na watu hawa sasa hivi, ama huna kazi."

Masepetu yakasimama. Sitaki kusema uongo. Kazi ile naipenda. Nilisoma usiku na mchana kupata leseni yake, nikajifunza lugha za watu, nikavumilia kuitwa "msichana" nikiwa na umri wa kuwa mama mkwe. Nikatazama mikono yangu, kucha zimejaa mchanga. Halafu nikatazama ile tai.

"Maji haya unayauza wewe," nikamwambia. "Yako kwenye kila tangazo lako. Umewahi kujiuliza yanafikaje pale? Ulidhani mawe yanajisafisha? Mimi sishuki. Utamaduni unaoutaka ndio huu, na leo una matope. Kama hukuupenda, nenda kamtazame fundi wa simu."

Mama Eufrasia akapiga kigelegele. Bwana Amílcar alibadilika rangi.

"Umefukuzwa!" alipiga kelele. "Na mshahara wa leo sahau! Hulipwi hata senti! Tangu ulipopanda lile gari asubuhi hukunifanyia kazi mimi, unasikia? Leo yote umejifanyia mambo yako mwenyewe!"

Nikasikia mtu anaanza kucheka, polepole, kutoka tumboni. Ni Mama Eufrasia. Kisha mwingine. Mimi nilichelewa kuelewa, hasira zilikuwa zimeniziba. Fortunato ndiye aliyekuja mbio, fimbo mkononi, macho yanamng'aa.

"Bwana, samahani," alisema kwa Kihispania chake cha shule. "Rudia. Leo humlipi?"

"Simlipi!"

"Hata kwa kumbeba bibi huyu mlimani?"

"Hata kwa kubeba kanisa! Nimeshasema!"

Fortunato akageuka kwa watu. Akapiga fimbo chini, pete za fedha zikalia.

"Mmesikia wote. Ofisi hailipi. Basi mgongo uliombeba bibi asubuhi haukuwa wa ofisi, ulikuwa wa Zenobia mwenyewe. Bibi anadaiwa. Na anayedaiwa ayni anaruhusiwa kulipa."

"Tayta!" Gumersindo alisimama. "Na hawa wanaume watatu? Nao aliwabeba?"

"Mimi alinibebea mkoba wa kamera mpaka juu," Thiago alisema haraka nilipomtafsiria. Ilikuwa kweli, na una vyuma kama sanduku la fundi.

Wale Wakanada wakatazamana. Mmoja akainua mkono taratibu, kama yuko darasani.

"Sisi tulikula chakula chake," alisema. "Chote."

"Uwii!" Mama Eufrasia alishika kiuno. "Hao ndio wadaiwa kuliko wote! Ingieni mtaroni, walafi nyie!"

Mama Odile hakusubiri tafsiri. Alikuwa ameshavua skafu, amekanyaga ndani, anachimba kwa mgongo ulionyooka na goti lililokunjwa, na kuanzia sepetu la kwanza nikajua kuwa huyu bibi amekulia shambani. Alihema, akapumzika, akachimba tena. Wakanada walitupa mchanga mbali kiasi kwamba watu wa ukingoni ilibidi wahame. Thiago alifanya kazi vibaya, akiwa na moyo wote. Mimi nilibaki kwenye kona, na mizizi, mpaka sepetu likagonga jiwe la chini, lile jiwe bapa ambalo mama alikuwa akilipapasa kwa kiganja kila mwaka na kusema, "Haya, tumefika." Nikalipapasa.

"Tokeni!" Fortunato alipaza sauti. "Maji!"

Tukatoka. Kwetu maji yakishafunguliwa hakuna mkono unaogusa mtaro, yanaachwa yaseme yenyewe. Yalikuja yakisukuma majani na povu chafu mbele yake. Yalifika kwenye kona yangu, yakapunguza mwendo, yakazunguka. Gumersindo alinyoosha shingo. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu nikiubana na sikujua ni wa nani. Povu likapanda juu ya jiwe la mama, likasita, likakatika, na maji yakapita.

Yakapita na kumkuta Bwana Amílcar, ambaye bado alikuwa amesimama kule chini akitafuta mtandao kwenye simu. Hakuna aliyemwonya. Yalimfika magotini.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka bonde la pili. Fortunato alingoja zipungue, akainua fimbo.

"Maji ya marehemu Casimira! Nani anayapokea?"

"Mimi!" nikajibu. "Zenobia, mtoto wake! Nipo!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Sikuipunguza.

Delfina alikuja na kibuyu cha chicha, pombe yetu ya mahindi. Kawaida mume wake ndiye anayepewa kwanza. Alimpita, mtoto mgongoni, kichwa juu, akanipa mimi. Nikamwagia ardhi kidogo, nikanywa, nikampa Mama Odile. Naye akamwagia ardhi, akamwaga karibu nusu.

"We bibi!" Mama Eufrasia alimkemea. "Ardhi inywe, na wewe unywe! Usitulevyee mlima!"

Bwana Amílcar alikuwa amepanda ukingoni, viatu vinatoa maji. Aliwaita wageni twende, twende, gari liko chini. Hakuna aliyesogea. Akanigeukia mimi.

"Fulana ya kampuni," alisema. "Irudishe."

Nikafungua mkoba, nikaitoa, bado imekunjwa, haina hata tone la tope, jua la dhahabu juu. Nikamtupia kifuani.

"Jifutie miguu, bwana."

Halafu nikageuka nikaanza kukimbia, maana maji hayangoji mtu, na mwenye zamu lazima ayatangulie shambani. Nilishuka kando ya mfereji na sketi ya mama nimeikamata mkononi. Nyuma yangu nilisikia viatu vya wageni, na Thiago akijikwaa na kucheka. Nilipita magofu, visima vimeshaanza kutiririka, na sikusimama kumweleza mtu yeyote chochote.

Nilifika kabla ya maji. Nikang'oa kwa mikono jiwe linaloziba mlango wa maji, nikasimama pembeni, na yalipoingia kwenye tuta la kwanza nililia kwa sauti, bila kujificha. Mama Odile alikaa chini kwenye ardhi kavu na kuyatazama yakimfuata. Mpaka shamba lote linywe ni kazi ya mchana mzima, na ule mchana ulikuwa wangu.

Chini yetu, kwenye ukingo wa shamba lake, Gumersindo alikuwa amekaa, sepetu mapajani, akisubiri nimalize.